Tumefunga, Lakini Tumewalipa?

(Hotuba kwa wanajumuiya kwenye semina ya Kwaresima ya parokia, Jumamosi ya wiki ya tatu ya Kwaresima, 14 Machi 2026. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Tumsifu Yesu Kristu!

Baba Paroko, Masista, makatekista wetu, mama zangu wa WAWATA, baba zangu wa UWAKA, vijana wa VIWAWA, na ninyi wazee wangu mliokaa hapa tangu Misa ya asubuhi bila kuondoka: shikamooni, na asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Injili tuliyoisikia asubuhi ya leo, Luka sura ya 18, inatuonyesha mtu anayefunga. Tumtazame vizuri kabla ya kumhukumu, maana tumezoea kumhukumu upesi. Torati ilimdai Myahudi siku moja tu ya kufunga kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Huyu Mfarisayo anasema, "Mimi nafunga mara mbili kwa juma." Mara mbili kwa juma! Ni zaidi ya mara mia kwa mwaka, mahali alipodaiwa mara moja. Kisha anatoa zaka katika mapato yake yote. Na Yesu hasemi kwamba anadanganya. Njaa aliisikia kweli. Fungu la kumi lilitoka kweli. Basi kwa nini alirudi nyumbani kwake bila kuhesabiwa haki?

Sisi Kanisa linatudai siku mbili za kufunga, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mwenye umri wa miaka 18 hadi 59, na kujinyima nyama siku za Ijumaa kuanzia miaka 14. Najua wengi wenu mnafanya zaidi ya hapo. Wapo hapa ambao tangu Majivu wanakula mara moja tu, jioni. Sijaja kuwaambia mpunguze. Nimekuja na swali moja, na nitalirudia mpaka mlichoke: katika mfungo wako, yupo mtu gani mwingine? Mfarisayo alikuwa na Mungu, alikuwa na tumbo lake, alikuwa na hesabu zake. Mtu mwingine katika sala yake alikuwa mmoja, yule mtoza ushuru, naye alimtaja ili amdharau.

Katika mfungo wako, yupo mtu gani mwingine?

Ijumaa ile ya kwanza baada ya Majivu tulisomewa Isaya 58. Tunalipenda sana somo hili. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp aya zake zinapita kila asubuhi. Aya ya 8 inapita: "Ndipo nuru yako itakapopambazuka kama asubuhi." Aya ya 11 inapita pia, ile ya bustani iliyotiwa maji. Ni ahadi nzuri, na ni za kweli. Lakini aya ya 3 sijawahi kutumiwa na mtu. Watu wanamlalamikia Mungu, mbona tumefunga na huoni? Mungu anawajibu: "Fahamuni, siku ya kufunga kwenu mnatafuta anasa zenu wenyewe, na kuwalemea wote wafanyao kazi kwenu."

Wote wafanyao kazi kwenu. Sikilizeni vizuri, ndugu zangu. Nabii angeweza kuanza na sanamu, au na uzinzi. Siku anapozungumza juu ya kufunga, kitu cha kwanza anachokikuta ndani ya nyumba ya mtu aliyefunga ni mfanyakazi aliyelemewa. Kasoro ya kwanza ya mfungo imo jikoni, imo getini, imo shambani. Ahadi ya nuru na ile ya bustani zinakuja baada ya hapo, na zimefungwa na neno "ndipo". Sisi tumechukua "ndipo" tukaiacha sharti yake nyuma.

Niwape kisa. Mwenyewe amenipa ruhusa nikisimulie, ila amesema nisitaje jumuiya yake.

Ni mama mcha Mungu. Katika Kwaresima hakosi Njia ya Msalaba, na bahasha yake ya sadaka ya kujinyima hujaa kabla ya za wengine. Nyumbani ana dada wa kazi, binti aliyetoka vijijini Singida. Huyo binti alikuwa hajapokea mshahara miezi kadhaa. Si kwamba mama alikataa kumlipa. Alimwambia maneno ambayo yanasemwa katika nyumba nyingi za mji huu: "Nakutunzia. Ukienda likizo nitakupa zote kwa pamoja." Binti akanyamaza. Kisha ikaja simu kutoka kijijini. Mama yake anaumwa, nyumbani akiba ya chakula imekwisha, na mavuno bado. Akaomba apewe japo za mwezi mmoja. Mama akajibu kwa upole kabisa, bila ukali wowote, "Mwanangu, subiri Pasaka. Sasa hivi nimemaliza kutoa ahadi ya ujenzi wa kanisa."

Mmesikia pesa ilikokwenda? Ilikuja hapa. Ilikuja kwenye matofali haya.

Basi wiki ile jumuiya ilisali nyumbani kwa mama huyo. Dada ndiye aliyepanga viti, ndiye aliyechemsha chai ya watu watakaokula baada ya kufunga. Mzee mmoja akapewa asome somo la Ijumaa. Akasoma taratibu, kama wazee wanavyosoma, kidole kwenye mstari. Alipofika "na kuwalemea wote wafanyao kazi kwenu," dada alikuwa anaingia na sinia la vikombe. Hakuna aliyemtazama. Hakuna aliyejua. Mama peke yake ndiye aliyejua. Ananiambia kwamba chai ile haikumpita kooni. Usiku ule ule alichukua simu akamtumia binti fedha zake zote za miezi iliyopita, na binti akazituma kwao kabla hajalala.

Nawauliza: mfungo wa mama huyu ulianza siku gani? Ulianza Jumatano ya Majivu alipopakwa majivu, au ulianza usiku ule?

Biblia haitaji tu kwamba mfanyakazi alipwe. Inataja saa. Kumbukumbu la Torati 24:15: mpe ujira wake kwa siku yake, jua lisichwe juu yake, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutegemea ujira huo. Walawi 19:13: ujira wa mtu uliyemwajiri usikae kwako usiku hata asubuhi. Torati inahesabu kwa machweo ya jua, sisi tunahesabu kwa likizo! Na sababu iliyotolewa pale ni nzito: asije akamlilia Bwana juu yako, ikawa ni dhambi kwako. Mtume Yakobo akaongeza jambo la kutisha zaidi. Sura ya 5, aya ya 4, anasema ujira mliouzuia kwa hila "unapiga kelele." Ujira wenyewe! Hata kama mfanyakazi ni mpole, hata kama ananyamaza kama yule binti, fedha zile zilizo kwenye akaunti yako zina sauti, na sauti hiyo imekwisha kufika masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Ndiyo maana Kanisa limeiweka dhambi hii mahali pake maalumu. Wazee waliofundishwa katekisimu ya zamani watakumbuka: ziko dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni. Damu ya Abeli imo. Kilio cha watu waliokandamizwa Misri kimo. Na kumdhulumu mfanyakazi ujira wake kumo, katika orodha hiyo hiyo. Fungueni Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1867, mtaikuta. Papa Leo XIII alipoandika waraka wake juu ya wafanyakazi mwaka 1891, Rerum Novarum, aliyashika maneno haya haya ya Yakobo. Papa wetu wa sasa alipochaguliwa Mei mwaka jana akajiita Leo XIV, na alieleza mwenyewe kwamba jina hilo amelichukua hasa kwa sababu ya Leo XIII na waraka ule. Tumepewa Papa ambaye jina lake tu linatukumbusha wafanyakazi. Tunamtaja kila siku katika Sala ya Ekaristi. Tukimtaja, tuwakumbuke na watu wanaosubiri mishahara yao kwetu.

Sasa kuna watu humu ndani wanaojisemea moyoni, mimi sina dada wa kazi. Sawa. Una fundi aliyekujengea ukuta ukabakiza kiasi? Una kijana wa bodaboda anayekupelekea watoto shule, unamlipa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ulikwisha kupita? Una mama anayekuja kufua, mlinzi wa usiku, kibarua wa shamba lako kule Mkuranga? Muuza genge anayekuandika kwenye daftari? Mtu mwenye uwezo mdogo kabisa katika mji huu ana mtu mwingine anayemtumikia, naye ana uwezo mdogo kuliko yeye. Mlolongo ni mrefu. Najua pia wapo hapa ambao wao wenyewe hawajalipwa, walimu wa shule binafsi, madereva, watu waliofanya kazi za zabuni wakasubiri malipo mpaka wakauza mali. Ninyi sikuja kuwahubiria uvumilivu. Maandiko hayakuwaambia mvumilie. Yamesema ujira wenu unapiga kelele, na Mungu anausikia. Subira katika jambo hili aitoe mdai kwa ridhaa yake mwenyewe, asilazimishwe nayo na anayedaiwa, kana kwamba kumlipa fedha zake ni fadhila.

Niwahamishe kidogo, twende mbali. Twende Antiokia mwaka 387. Mji mkubwa, mji ambao wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Kaisari Theodosius ametangaza kodi mpya, watu wakakasirika, wakafanya ghasia, wakaziangusha sanamu za kaisari na za jamaa yake na kuziburuta mitaani. Hasira ilipopoa, hofu ikaingia. Kumvunjia kaisari sanamu ni sawa na kumgusa mwenyewe. Watu wakakamatwa, wengine wakauawa, wengine wakakimbilia porini. Mji mzima ukangoja hukumu kutoka Konstantinopoli, na katika kungoja huko Kwaresima ikaingia.

Askofu wao, Flaviano, alikuwa mzee, na dada yake alikuwa mgonjwa wa kufa. Akamwacha kitandani, akaanza safari ya mamia ya kilomita kwenda kwa kaisari kuwaombea watu wake. Nyuma akabaki padre mmoja aliyekuwa anajua kusema, Yohane, huyu tunayemwita Krisostomo. Akahubiri Kwaresima nzima kwa watu waliokuwa wanangoja kifo. Hebu fikirini, ungekuwa wewe ungehubiri nini? Angeweza kuwaambia wafunge zaidi, walie zaidi, wazidishe sala. Yeye akawauliza: kuna faida gani kujizuia na ndege na samaki, ikiwa tunawauma na kuwatafuna ndugu zetu? Akawaambia isifunge midomo peke yake. Macho yafunge, masikio yafunge, miguu ifunge. Na mikono ifunge, kwa kuwa safi na unyang'anyi na tamaa ya mali.

Mikono ifunge! Mnaona alivyomleta ndugu katikati ya sahani? Ijumaa hii umeacha nyama ya ng'ombe. Je, nyama ya jirani umeiacha? Yale maneno juu ya fulani baada ya jumuiya, ule ujumbe wa sauti wa dakika nne unaosambazwa, ule ni mlo pia. Krisostomo alisema wazi kwamba msengenyaji anakula nyama ya ndugu yake.

Flaviano alifika mbele ya kaisari, akaomba, akasikilizwa. Msamaha ukapatikana, naye akarudi Antiokia kusherehekea Pasaka na watu walio hai. Mimi kisa hiki nakipenda kupita kiasi, niwie radhi Baba Paroko nikikikalia muda mrefu. Nakipenda kwa sababu ya yule mzee barabarani. Kwaresima yake ilikuwa na mtu mwingine ndani yake. Ilikuwa na mji mzima ndani yake.

Sasa nataka tuzungumze juu ya madeni, na hapa naomba tuvumiliane, kwa sababu jambo hili limo ndani ya jumuiya zetu na si nje tu.

Mnajua mikopo ya kausha damu. Hakuna haja ya kuwaeleza. Mama lishe anakopa laki mbili, anapewa pungufu kwa sababu ya "fomu," anarudisha kila siku, akikosa siku moja anakuja mtu na kundi lake wanabeba friji, wanabeba godoro, wanabeba jiko analopikia, ndilo ambalo lingempa hizo fedha za marejesho. Tunajua na ile ya kwenye simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila kibali. Watu walikopa humo elfu hamsini, wakachelewa, na ujumbe wa kuwaaibisha ukatumwa kwa kila jina lililomo kwenye simu zao, mpaka kwa mkwe, mpaka kwa mwalimu wa mtoto. Binadamu anavuliwa nguo mbele ya watu anaowaheshimu kwa ajili ya elfu hamsini.

Tukiwasema hao tunapiga makofi. Hebu basi tufungue Nehemia sura ya 5, tuone kama makofi yataendelea.

Nehemia amekuja Yerusalemu kujenga ukuta. Kazi ya Mungu, kazi takatifu, watu wamejitolea. Katikati ya ujenzi kunatokea kilio kikubwa cha watu na wake zao. Wanamlilia adui? Hapana. Andiko linasema walilia juu ya ndugu zao Wayahudi. Wengine wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme. Wengine binti zao wamekwisha kuingizwa utumwani. Na waliowakopesha ni ndugu zao, watu wa ukoo mmoja, wanaobeba mawe pamoja nao kwenye ukuta ule ule.

Nehemia anasema alikasirika sana, kisha akafanya shauri na nafsi yake. Halafu akawakabili wakuu mbele ya mkutano. Hapa ndipo mimi huinua kichwa: anajitia na yeye mwenyewe. Anasema mimi na ndugu zangu na watumishi wangu nasi tunawakopesha fedha na nafaka. Tuiache riba hii. Akataka mashamba yarudishwe siku hiyo hiyo, na nyumba, na ile "sehemu ya mia" waliyokuwa wanatoza. Wafafanuzi wengi wanaielewa sehemu hiyo ya mia kuwa asilimia moja kwa mwezi. Asilimia moja kwa mwezi, na Nehemia aliona ni jambo la kusimamisha ujenzi wa ukuta wa Yerusalemu! Humu ndani tuna vikundi vya kukopeshana, tumeviita kwa majina ya watakatifu, tumeanza kikao kwa Baba Yetu, na tunatoza asilimia kumi kwa mwezi, na mwanachama akifiwa tunampelekea rambirambi huku faini yake ya kuchelewa inahesabika. Sisemi vikundi hivi vivunjwe. Vimesomesha watoto, vimeokoa watu wasiende kwa wakausha damu. Nasema tusome Nehemia 5 kwenye kikao kijacho, yote, kwa sauti, kabla ya kufungua daftari. Mwenyekiti aisome. Kisha tujadili riba ya mtu mgonjwa, riba ya mjane, na faini ya mtu aliyefiwa.

Watu walimjibu Nehemia neno moja zuri mno: tutarudisha, wala hatutataka kitu kwao. Na akawaapisha, mbele ya makuhani.

Mwaka jana Kanisa limeadhimisha miaka 1700 ya Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika mwaka 325. Tunaukumbuka kwa Kanuni ya Imani. Lakini maaskofu wale walitunga na kanuni za nidhamu, na katika ile ya tano Kwaresima inatajwa, ni moja ya mara za kale kabisa kutajwa kwake. Wanasema maaskofu wa kila mkoa wakutane kabla ya zile siku arobaini, wachunguze kesi za watu waliotengwa na Kanisa, waangalie kama askofu fulani hakumtenga mtu kwa ugomvi wake binafsi au kwa udogo wa moyo. Kwa nini kabla ya Kwaresima? Wakatoa sababu: chuki zote ziondolewe, ili sadaka safi itolewe kwa Mungu. Angalieni walioanza. Walioanza ni wenye mamlaka. Mwenye kiti ndiye aliyeambiwa ajichunguze kwanza kama hakumwonea aliye chini yake. Tajiri aanze kabla ya kibarua. Mwenyekiti wa jumuiya aanze kabla ya mwanajumuiya. Mume mwenye mshahara aanze.

Nimebakiza mambo machache.

La kwanza ni majirani zetu. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimeanza karibu siku moja. Mtaani kwangu tumefunga pamoja, upande huu na upande ule wa ukuta, na wiki ijayo wao wataadhimisha Idi. Wana jambo ambalo ningependa tulitazame kwa heshima: zakatul-fitri. Hutolewa kabla ya sala ya Idi, ili maskini naye apate kula siku hiyo. Ikitolewa baada ya sala inahesabiwa kuwa sadaka ya kawaida tu. Ina saa yake. Sisi tunasema "Kwaresima ni kipindi cha matendo ya huruma," halafu hatuweki saa. Pasaka ni tarehe 5 Aprili. Jumapili ya Matawi ni tarehe 29 mwezi huu. Naomba kila mmoja wetu anayedaiwa ujira wa mtu auweke mwisho wake kuwa Matawi, ili huyo mtu naye aingie Juma Kuu akiwa na nauli ya kwenda kwao, na kitenge cha mtoto, na unga.

La pili, mtaniuliza: na kama kweli sina? Wapo wasio nacho. Biashara imeanguka, au umeachishwa kazi. Isaya 58 ina neno kwa ajili yako pia, mwisho wa aya ya 7: "wala usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe." Usijifiche. Unajua tunavyojificha. Simu inazimwa. Mtoto anatumwa mlangoni aseme baba hayupo. Tunabadilisha njia ya kupita ili tusipite mbele ya genge la mtu anayetudai. Mtu anayedai fedha zake anageuka kuwa kero, halafu anageuka kuwa adui, na yeye ndiye aliyeonewa. Nenda kwake. Kaa naye. Mwambie ukweli wa hali yako, mpe tarehe unayoweza kuitimiza, anza na kidogo ulicho nacho leo. Ukweli huo ni sehemu ya mfungo, na pengine ni mgumu kuliko njaa.

La tatu ni Zakayo. Alipomkaribisha Yesu nyumbani, alisimama akatamka maneno yenye tarakimu: "nusu ya mali yangu nawapa maskini," na aliyemdhulumu, "namrudishia mara nne." Nusu. Mara nne. Toba yake ingeweza kuandikwa kwenye daftari la hesabu. Na Yesu akajibu, leo wokovu umefika nyumbani humu. Tunapokwenda kuungama, wapendwa, tunasema "nimedhulumu" kwa haraka, katikati ya makosa mengine, kisha tunasubiri malipizi ya Salamu Maria tatu. Padre anaweza kukuondolea dhambi kwa mamlaka aliyopewa na Kristu, lakini hawezi kukuondolea deni la kibarua wako. Fedha za mtu zinarudi kwa mtu.

Na tazameni jinsi Mungu alivyoturahisishia siku hizi. Simu uliyonayo mkononi, ambayo asubuhi ulisomea masomo ya Misa, ndiyo hiyo hiyo yenye fedha zako. Kutoka kwenye aya ya 3 ya Isaya 58 mpaka kwenye jina la dada wa kazi ni kubonyeza mara chache. Yule mkulima wa Kumbukumbu la Torati alipaswa kutembea na fedha mkononi kabla jua halijazama. Wewe unaweza kulipa ukiwa umekaa kwenye hilo benchi.

Basi naomba tufanye hivi. Ratiba inasema baada yangu kuna mapumziko ya nusu saa, kisha Baba Paroko na Baba Msaidizi wataingia kwenye viti vya kitubio mpaka saa kumi na mbili jioni, halafu Njia ya Msalaba. Katika hiyo nusu saa, toeni simu. Aliye na uwezo wa kutuma, atume. Anayetakiwa kumpigia mtu na kumwomba siku zaidi, atoke nje akapige, kwenye miembe pale kuna utulivu. Mama ambaye dada wake yuko nyumbani sasa hivi anapika chakula cha jioni, ampigie amuulize anadai kiasi gani, maana yeye anakumbuka hesabu kuliko wewe. Na wale mtakaokuwa mmekwisha kupanga foleni ya kitubio, mkiona mtu anatoka kwenye mstari kwenda kupiga simu, mshikieni nafasi yake.

Asanteni kwa kunisikiliza. Tumsifu Yesu Kristu.